Mume wangu ni rubani wa stendibai, aliitwa kazi Jumapili ya ofu na slipu ya mshahara haionyeshi kitu. Hii pesa huhesabiwa aje?

MamaTaji_Utawala
Habari za jioni wadau. Naomba mnisaidie hii maneno juu nimeuliza nyumbani hadi nikachoka, na mwenye kunijibu anarudi akiwa amechoka kunishinda. Mume wangu ni rubani msaidizi, aliingia kwa kampuni moja hapa mwezi wa tatu, na tangu aingie ni mtu wa stendibai. Kwa rosta yake unapata siku nne au tano zimefuatana zimeandikwa stendibai, saa kumi na moja alfajiri hadi saa tisa mchana, na hiyo yote anakaa nyumbani akingoja kuitwa. Mtu wa nje anadhani hiyo ni raha. Shati la kazi limepigwa pasi limetundikwa nyuma ya mlango, begi liko kando ya kochi, simu imewekwa sauti ya mwisho, na akienda kuoga ananiachia hiyo simu niishike mkononi. Hawezi kunisindikiza Gikomba, hawezi kufika kwa mamake Tala, ameambiwa akiitwa awe uwanja wa ndege wa JKIA ndani ya dakika 90 na nyinyi wenyewe mnaijua Eastern Bypass ikifunga. Siku ya kufunga shule ya Taji tulikuwa tumefika hadi kwa geti ya shule simu ikalia, mtoto akabaki akiangalia gari likigeuka.

Sasa swali. Mwezi uliopita Jumapili ilikuwa ofu yake kabisa. Jumamosi saa mbili kasoro usiku watu wa rosta wakapiga wakamwomba aende Johannesburg na kurudi, akakubali juu aliambiwa hizo ni pesa za ziada. Mshahara umeingia, ni ule ule wa kila mwezi. Binamu yangu anaruka huko Marekani anasema akichukua safari siku ya ofu analipwa mara moja na nusu. Kwani hapa hakuna hiyo? Na hizo siku za kukaa na simu zinalipwa ama ni bure?

Jirani_Donholm
Dada pole lakini wengine tunaamka saa kumi usiku kupanga foleni ya matatu na hatulipwi kukaa kwa kochi. Stendibai si ni kama ofu tu na mshahara unaingia?

BabuWilson
Jirani, nikujibu kwa heshima maana niliifanya hii kazi miaka 31, nikianzia uwanja mdogo wa ndege wa Wilson na Caravan, ndege ndogo za kubeba miraa kwenda Mandera na Wajir, kabla sijaenda ndege kubwa. Ofu ni siku yako, ukitaka unaenda shamba, ukitaka unalala, ukitaka unakunywa bia na nyama choma na hakuna mtu anakuuliza. Stendibai ni siku ya mwajiri ambayo wewe umeishikilia mkononi bila kujua itaanguka wapi. Unalala saa ngapi? Ukilala mapema huenda usiitwe, ukikesha huenda ukaitwa. Enzi zetu ilikuwa simu ya waya, mke wangu marehemu alikuwa hawezi hata kuongea na dadake kwa sababu laini ikishikwa wakikosa kunipata ni barua ya onyo.

Siku moja nilikuwa stendibai tangu alfajiri, sikulala mchana, nikaitwa jioni. Tukiwa tunashuka usiku mnara wa kuongoza ndege ukatupa mwinuko wa kushukia, nikaurudia vibaya kwa redio na nikaanza kuuweka kwa mashine vile vile vibaya. Kapteni akashika mkono wangu akasema taratibu, "Hapana, soma tena." Nilikuwa macho saa 15. Sikuwa mlevi, sikuwa mgonjwa, nilikuwa nimengoja siku nzima ndio nikaanza kazi. Mpaka leo nauhisi ule mkono.

Ndio maana nasema kungoja ni kazi, na wenye sheria wamelikubali hilo baada ya watu kufa. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Q400, hizi hizi tunazoziona zikienda Kisumu na Ukunda, ilianguka karibu na Buffalo huko Marekani ikitoka Newark, watu 50 wakafa, mmoja wao alikuwa nyumbani kwake tu. Wachunguzi walisema chanzo ni vile kapteni alivyojibu onyo kwamba ndege inapoteza nguvu ya kubebwa na hewa, alivuta usukani badala ya kuusukuma. Lakini walipofuatilia wale marubani walilala wapi wakakuta msaidizi alisafiri usiku kucha kutoka Seattle na kapteni alikuwa amelala kwa chumba cha wafanyakazi pale uwanjani, wakaandika kwamba uchovu huenda uliwapunguzia makali. Ile ajali ndio ilisukuma sheria mpya za saa za kazi na mapumziko, zikaanza kutumika Januari 2014.

Mwanangu MamaTaji, habari za pesa waachie vijana walio kazini sasa. Mimi nilitaka jirani ajue kwamba mtu aliyekaa kwa kochi na simu si mtu aliyepumzika.

Jirani_Donholm
Mzee nimekuelewa, nilikuwa sijui. Samahani dada.

Otis_Dallas
Shemeji habari, mimi ni mtoto wa Buruburu naruka huku Marekani na kampuni ya ndege ndogo ndogo za abiria, nilikaa rizavu, ndiyo hiyo stendibai yenu, miezi 14 kabla nipate ratiba yangu mwenyewe. Wacha nikueleze ya huku vizuri alafu utaona binamu yako hasemi uongo ila hakumaliza kueleza.

Huku rubani hulipwa kwa saa, na saa yenyewe huanza ndege ikisogea kutoka maegesho na huisha ikisimama mwisho, kwa hivyo kuketi na abiria getini ukingoja mvua iishe hiyo hulipwi kama ya kuruka. Kila kitu kinaenda na nani aliingia kwanza kwa kampuni. Wakubwa wanachagua safari zao mwezi mzima, wadogo tunabaki rizavu tukiziba mapengo, mtu akiugua, ndege ikiharibika, theluji ikifunga Chicago. Sasa juu mtu wa rizavu anaweza kosa kuitwa kabisa, kuna saa za chini ambazo lazima ulipwe hata ukikaa mwezi mzima ukiangalia ukuta. Kampuni nyingi huwa kati ya 70 na 80 kwa mwezi. Yangu ni 75. Niruke 20, nilipwe 75. Niruke 60, nilipwe 75. Niruke 82, nilipwe 82.

Rizavu ziko aina mbili kubwa. Kuna ya karibu, unaitwa na ndani ya saa mbili hivi uwe uwanjani, na kuna ya mbali ambayo unapewa muda mrefu, kwetu saa 12, hiyo unaweza hata kukaa mji mwingine. Ile ya karibu sheria inasema kipindi cha kungoja kisipite saa 14, na ukiitwa, ukihesabu tangu kungoja kulipoanza hadi umalize dyuti, yaani zamu yako ya kazi, isipite saa 16, ama kiwango cha dyuti yako ukiongeza saa 4, ile ndogo ndio inashika. Kama kungoja kulianza saa kumi alfajiri basi saa mbili usiku ndio mwisho kabisa, hata watu wa rosta walie. Na wakikuweka ungojee pale pale uwanjani, hiyo yote ni dyuti tangu dakika ya kwanza. Alafu kuna dari ya juu, saa 100 za kuruka ndani ya siku 28 na 1,000 ndani ya siku 365, na mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi ambayo ndani yake upate nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa.

Sasa pesa za ziada. Safari ikikosa mtu hutangazwa, ukiitaka ukiwa ofu unaichukua. Kawaida hulipwa bei yako ile ile, lakini wakikwama wanaweka asilimia 150 ama 200. Pale Delta marubani wanaiita green slip na inalipwa mara mbili. Hii ndio binamu anaongelea.

Lakini shemeji hapa ndipo watu hulia, nimelia mimi mwenyewe. Chukua mwezi ambao nimeruka saa 52 za rizavu, alafu nikachukua safari ya saa 10 siku ya ofu kwa 150. Kama mkataba unasema safari ya ofu inalipwa juu ya zile saa za chini, napata 75 na 15, jumla 90. Kama mkataba unasema inaingia ndani, basi 52 na 10 ni 62, bado haijafika 75, kwa hivyo nalipwa 75 zile zile ambazo ningelipwa nikilala, labda waniongeze ile nusu peke yake yaani saa 5. Safari ni moja, kazi ni moja, Jumapili ni moja, lakini mmoja ameondoka na saa 90 na mwingine 80 ama 75 kavu, na tofauti yote iko kwa neno moja la mkataba. Mimi nilitoa Krismasi yangu nikidhani niko upande wa kwanza kumbe niko wa pili. Nadhani hicho ndicho kimempata bro.

MamaTaji_Utawala
Otis asante sana shem, umenifungua macho. Nimemuuliza, anasema mkataba wake ni mshahara wa mwezi na ovataimu inaanza akipita saa 65. Mwezi uliopita aliruka 51 na hiyo Johannesburg kwenda na kurudi ilikuwa kama 8. Kwa hivyo ni 59 na hajafika 65. Inamaanisha alienda bure? Jumapili ya mtoto ilienda bure?

DadaWaRosta
MamaTaji usilie kwanza. Mimi nimekaa kwa meza ya rosta miaka tisa, ndio mimi hupiga hizo simu za saa mbili usiku, na nitakwambia ukweli wa upande wetu.

Kwa mikataba mingi ambayo nimeshughulikia hapa kuna vitu viwili tofauti na watu huvichanganya. Kimoja ni ovataimu ya saa, hiyo Otis ameieleza, ukipita 65 ndio inaanza, na ni kweli mume wako hakufika. Cha pili ni kununuliwa siku ya ofu. Hiyo haina uhusiano na saa kabisa, uruke saa 2 ama 10, kampuni imekutoa kwa siku yako na inalipa siku. Mara nyingi ni kiwango kimoja cha siku nzima, kinaandikwa mstari wake peke yake kwa slipu. Kama kwa slipu yake hakuna huo mstari basi swali si saa, swali ni ile Jumapili iliandikwa aje kwa mfumo.

Na hapa sikiliza vizuri. Nikimpigia rubani siku ya ofu nina njia mbili kwa kompyuta. Ya kwanza naandika siku imenunuliwa. Ya pili nahamisha ofu, yaani naitoa Jumapili naipeleka Jumanne, alafu Jumapili inageuka kuwa siku ya kazi ya kawaida, na mwisho wa mwezi hesabu ya ofu inatimia na hakuna anayedaiwa. Hata si lazima mtu awe na nia mbaya. Usiku una ndege tatu hazina watu, kapteni mmoja anatapika hotelini Lagos, unabonyeza ile iliyo haraka. Nilishawahi kufanya hivyo na yule kijana alikuja ofisini na rosta yake ya kwanza ameichapisha, tukaangalia pamoja, nikaona nimemkosea, tukarekebisha. Kama hangekuwa na ile karatasi singeamini mimi mwenyewe, juu mfumo unakuonyesha rosta ya mwisho tu ukiangalia haraka haraka.

Kwa hivyo mwambie atafute vitu vitatu. Rosta ilivyotoka mara ya kwanza. Rosta ilivyofunga mwezi. Na kile kipengele cha mkataba kinachosema ofu ikihamishwa kwa notisi fupi inahesabiwa aje, maanake kampuni nyingi zina kikomo, ukimhamishia mtu ofu ukiwa umechelewa sana hiyo si kuhamisha tena, ni kununua. Jumamosi usiku kwa Jumapili asubuhi, sioni ni notisi gani itakubali hiyo.

Na ya stendibai kulipwa, ndio inalipwa, iko ndani ya ule mshahara wa mwezi, ndio maana mshahara haushuki akikosa kuitwa. Wengine huongezewa saa kadhaa za hesabu kwa kila stendibai, wengine hapana, aangalie. Ila stendibai inakula dyuti pia na hiyo ni muhimu kuliko pesa. KCAA, wale wasimamizi wa usafiri wa ndege Kenya, ina kanuni za saa za kuruka na mapumziko, na kila shirika lina kitabu chake cha uendeshaji ambacho KCAA imekikubali, yake ndio asome. Nikupe mfano wa Ulaya juu nilisomea huo mfumo, kungoja nyumbani hakupiti saa 16, na mtu akifika uwanjani baada ya saa 6 za kungoja, kila saa inayozidi unaikata kwa dyuti yake. Tuseme alianza kungoja saa kumi na moja alfajiri na amefika uwanjani saa nane mchana. Hizo ni 9, zimezidi 3. Kama dyuti ingekuwa 12 inabaki 9, na upange usimweke macho zaidi ya saa 18. Mimi nilikuwa nahesabu hivyo kwa vidole kila mchana.

Hesabu_Rongai
Nichangie kidogo tu upande wa slipu, nafanya hesabu za mishahara. Ikilipwa usishtuke ikiwa ndogo kuliko ulivyopiga. Pesa ya siku ya ofu inaingia kwa jumla ya mshahara, inakatwa SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, ada ya nyumba asilimia 1.5, alafu PAYE, ile kodi ya mshahara, na mshahara wa mwezi ukipita 500,000 ile inayozidi inakatwa 32.5, ukipita 800,000 ni 35. Na mambo ya mwezi uliopita muulize mapema, hesabu ikishafungwa inasukumwa mwezi unaofuata.

BabuWilson
Mwanangu, na mumeo akienda kuuliza aende peke yake na karatasi zake, asiende kwa hasira na asianze kwa mkubwa. Aende kwa meza ya rosta kwanza. Wale watu hupigiwa kelele na kila mtu, ukija na heshima wanakufungulia kompyuta. Akikwama ndio aende kwa wawakilishi wa marubani.

MamaTaji_Utawala
Wadau narudi na majibu, samahani nimekaa siku nne. Rosta ya kwanza alikuwa ameifuta kwa simu, tukatafuta usiku mzima, kumbe alikuwa amenitumia mimi kwa WhatsApp mwezi ulipoanza ndio nijue siku ya kufunga shule itaangukia wapi. Picha iko, Jumapili imeandikwa ofu wazi kabisa. Ile ya mwisho Jumapili ni kazi na ofu iko Jumanne, vile tu dada alisema, na hiyo Jumanne yeye alikuwa amekaa nyumbani akidhani hawajampangia kitu, simu bado mkononi! Hakuna mtu alimwambia ni ofu.

Kwa mkataba tumepata kipengele, tumekisoma mara tatu tukiwa wawili na taa ya simu juu stima ilikuwa imepotea. Kinasema ofu ikihamishwa kwa notisi ya chini ya siku 7 bila rubani kukubali kwa maandishi inahesabiwa imenunuliwa. Yeye alikubali kwenda kuruka, hakukubali kuhamishiwa siku, na hakuandika popote. Ameenda leo kwa meza ya rosta na hizo picha mbili. Huyo dada wa pale (labda ni wewe DadaWaRosta, sijui!) ameangalia akanyamaza kidogo, akamwambia aandike imeil na aambatanishe zote mbili, akabadilisha hapo hapo ikawa imenunuliwa. Inaingia mshahara wa mwezi ujao.

DadaWaRosta
Si mimi lakini ningefanya vivyo hivyo. Afadhali hiyo Jumanne pia aiulize, kama mfumo ulikuwa umeiweka ofu na sasa Jumapili imerudi kuwa imenunuliwa, ahakikishe Jumanne haijarudishwa stendibai kwa kumbukumbu, la sivyo itaonekana siku fulani alikuwa zamu na hakuwa amethibitisha.

Otis_Dallas
Hongera shem. Na kuanzia sasa wakipiga siku ya ofu aulize swali moja kabla ya kusema ndio: unainunua ama unaihamisha? Alafu awaombe waandike kwa meseji.

MamaTaji_Utawala
Ameshaandika hilo swali kwa karatasi akalibandika nyuma ya mlango pale shati linapotundikwa. Ya Jumanne ataiuliza kesho akimaliza stendibai. Asanteni sana wote, na Babu asante kwa kunielezea ule mkono, nilimsomea akakaa kimya muda mrefu, leo amelala saa mbili usiku na simu nimebaki nayo mimi.